Sahani Moja Haiuzwi

Saa mbili asubuhi, Novemba 2013, malori yamejipanga kuelekea Nakonde, upande wa Zambia, na Tupokigwe anapakua. Wali, maharage, mchicha, kipande cha papai pembeni. Sahani ni shilingi elfu moja mia tano, utani ni wa bure.

"Wewe Abrahamu, toa ndevu zako kwenye mchuzi wangu!" anamtania dereva.

Banda linacheka. Wiki tatu zilizopita, mama lishe huyu wa Tunduma hakuwa na kicheko. Alikuwa na mimba ya wiki kumi, na siku ya tano hajapata choo.

"Natoka jasho kama nasukuma lori," anasimulia bila haya. "Mwaka juzi mimba iliharibika. Nikawaza, nikikamua sana na hii itatoka."

Jirani yake muuza chapati, Stumai, alikuja na mafuta ya nyonyo kwenye chupa ya soda. "Kunywa, mdogo wangu. Jioni utaniita mganga."

Tupokigwe akafungua, akanusa. Akaikumbuka ile mimba ya mwaka juzi, akaifunga chupa. Akaenda nayo kliniki.

"Hii usinywe, inaweza kuchokoza mfuko wa uzazi," nesi Leah alimwambia. "Dawa yoyote ya kulainisha choo, uliza kwanza. Na kukamua hakutoi mimba, ondoa hofu. Haya, maji unakunywa?"

Tupokigwe akatikisa kichwa. Choo cha kulipia kiko ng'ambo ya barabara, na ukiondoka wateja wanahamia banda la pili. Kwa hiyo hanywi mpaka afunge banda. Maharage na mchicha ni vya kuuza. Yeye anakula ukoko kwa chai, na mfukoni mwa aproni ana udongo wa kutafuna kutwa.

"Madereva unawapikia dawa, wewe unakula udongo!" nesi alishangaa.

Akaambiwa aache udongo, anywe maji kidogo kidogo, ale matunda, maharage na mboga, atembee, haja ikija asiibane. Vidonge vya kuongeza damu, ingawa navyo hukaza choo, asiache bila kuuliza. Akiona damu au maumivu makali, awahi kliniki.

Siku ya nne mambo yakafunguka. Siku hizi akienda chooni, Stumai anamlindia sufuria.

"Ila mdomo wake!" Tupokigwe analalamika. "Mpaka mawakala wa forodha wanajua ratiba yangu ya choo."

Mchana chakula kimeisha. Dereva wa Zambia anaiona sahani iliyofunikwa nyuma ya jiko, maharage na papai.

"Ba mayo," anamwita mama kwa Kibemba, "na ile?"

"Ile haiuzwi," anajibu Tupokigwe, akivuta kigoda aketi kula. "Mwenye sahani namtegemea mwezi wa tano."