Wageni Wasimame

Mara ya kwanza kumsikia Mchungaji Wayne akikiri kwamba anaogopa, nilikereka. Kwetu mchungaji hukemea hofu mpaka spika zinalia. Huyu, Mmarekani mweusi wa hapa Beltsville ambaye kanisa lake hutuazima ukumbi Jumapili mchana kwa ibada ya Kiswahili, alianza kikao chetu wafanyakazi kwa kuuliza nani anaogopa, kisha akanyoosha mkono wake kabla ya mtu yeyote.

"Mama yangu alisugua sakafu za hoteli mpaka magoti yakamwisha," alituambia. "Alipougua, wakamwambia asirudi. Tangu hapo nimeshindwa kunyamaza."

Na kweli hanyamazi. Ameandamana na wazoa taka, amekaa sakafuni kwenye ofisi za kaunti hadi wapangaji wakarudishiwa nyumba zao, na korokoroni anakujua vizuri. Ukimwona utadhani ni karani mstaafu wa posta, na sweta lake la vifungo na sauti ya chini.

Safari hii alisimama nasi tunaotunza wazee katika nyumba moja ya wazee hapa karibu. Adela, Mtanzania wa zamu yetu, alifutwa kazi kwa kukaa nyumbani na homa. Wayne alitaka Adela arudishwe, na sote tulipwe tunapougua. Hata mimi niliyataka hayo. Lakini makaratasi yangu ya kuishi nchi hii yalikuwa mikononi mwa mwajiri huyohuyo. Nikifutwa, narudi kwetu Bomet, Kenya, mikono mitupu, mimi na wanangu. Kazini nilikuwa naogopa hata kukohoa.

"Tutakutana baada ya ibada," Wayne aliagiza. "Asitaje mtu jina lake wala anakofanya kazi, mpaka wote tuwe tayari."

Tukakubali. Ila hakuna aliyekumbuka kumwambia Mzee Mugo, kiongozi wetu wa ibada, ambaye bila yeye hata kikao cha kununua sufuria hakifunguliwi. Wenzangu wa zamu walipoingia na kuketi, Mugo akaona sura ngeni, akafurahi, akafanya anachofanya kila Jumapili.

"Bwana asifiwe! Wageni wetu wasimame. Jina, unakotoka, na mahali unafanya kazi, tukujue!"

Mazoea ni kitu kibaya. Walisimama mmoja mmoja, wakataja majina yao na ile nyumba ya wazee, nasi tukawapigia makofi ya kuwakaribisha. Wayne hajui Kiswahili. Alikuwa akitabasamu na kupiga makofi pamoja nasi.

Hapo ndipo nilipogeuka nikamwona Audrey karibu na mlango, koti bado mwilini. Ni Mkenya mwenzangu, na ndiye msimamizi wetu kazini. Hajawahi kukanyaga kanisani kwetu. Nilimwinamia Wayne nikamnong'oneza yanayosemwa na aliyeko mlangoni. Nikamwona akimeza mate, vidole vimeshika kiti kwa nguvu. Mzee wa watu alikuwa anaogopa kwelikweli, na hofu yake ikaniongezea yangu.

Kisha akasimama.

"Hata mimi ni mgeni katika ibada yenu," alisema, Mugo akitafsiri. "Naitwa Wayne. Kikao hiki nimekiita mimi. Anayetafuta jina la kupeleka, aanze na langu."

Mugo alitafsiri yote bila kuelewa moto aliokuwa ameuwasha. Akanyoosha kidole. "Na yule dada wa mlangoni, tusimsahau!"

Audrey akasogea hatua moja mbele. "Naitwa Audrey. Natoka Nakuru. Mimi ni supervisor wao." Akafunga kifungo cha koti. "Bosi amenisend. Anataka kujua ni akina nani wako hapa."

Watu wa nyuma wakaitikia kama kawaida, "Karibu!" Makofi mawili matatu yakalia, yakafa. Nilisikia Adela akisema, "Jamani, tumekwisha." Wayne akaelezwa. Akaenda mlangoni, akampa Audrey mkono, akamvutia kiti.

"Keti," alimwambia, "utusikilize mpaka mwisho."

Alikaa mpaka mwisho. Hakututazama usoni.

Jumatatu niliitwa ofisini. Nilipita ule ujia nikijua nakwenda kufutwa, na kichwani tayari nilikuwa napanga nitakavyowaeleza wanangu. Bosi alikuwa peke yake.

"Nimemuuliza Audrey nani walikuwepo," alisema. "Ananiambia ni mchungaji na yeye mwenyewe. Ukumbi mzima, eti hakumtambua mwingine. Nimemwambia akusanye vitu vyake aende." Akalivunjavunja jina langu kama kawaida yake. "Sasa nakuuliza wewe, Chepngetich. Ulikuwepo?"

Neno moja tu, hapana, na makaratasi yangu yangeendelea na safari yake. Nani angenilaumu? Audrey alikuwa ameshanikinga. Dirishani nilimwona Wayne amesimama na Adela kwenye maegesho, wakingoja kuruhusiwa kuingia. Alikuwa anatetemeka, sijui kwa baridi au kwa hofu, lakini hakuondoka.

Nikageuka kutoka dirishani.

"Nilikuwepo," nikasema. "Nilikaa kando ya mchungaji."