Pua ya Dobi, Sikio la Fundi Saa

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina hilo alilistahiki. Katika chumba chake cha kazi, chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi na dirisha lililofifia kwa mvuke, alikuwa akinyoosha nguo za watu tangu kifungua mimba wake hajaota meno. Mwenyezi Mungu alimjalia pua isiyolala. Sufu ikianza kuungua hunuka kama nywele; nailoni hunuka kama kikombe cha plastiki kilichosahauliwa jikoni; pamba hunuka kama karatasi. Hata akiwa amegeuka kuzungumza na mteja, pua ilimwita, na mkono ukainua pasi kabla nguo haijapata alama.

Mumewe, fundi saa, alikuwa mtu wa masikio. Aliweza kuitambua saa mgonjwa ikiwa bado mfukoni mwa mwenyewe. Kwa hiyo gari lao kuukuu, walilolinunua ili kuwafikishia wateja nguo, lilimtesa. Boneti yake haikufunga sawasawa, na kila shimo la barabarani iligonga ko-ko, ko-ko-ko, bila mpangilio wowote.

“Gari hili ni saa iliyong’oka jino,” alizoea kulalamika.

“Basi litie jino,” mkewe alimjibu, “au uzibe masikio.”

Siku ya kisa hiki walikuwa wakipeleka suti ya bwana harusi, nyeusi, ya sufu. Mama wa kijana huyo alikuwa ameileta mwenyewe, ameikumbatia kama mtoto mchanga. “Mama Pasi, mwanangu hana nyingine,” alisema. “Harusi ni alasiri. Nimekukabidhi uso wangu.”

Asubuhi kazi ilianza kwa mkosi. Kitambaa cha pamba ambacho dobi hukilowesha na kukilaza juu ya sufu ili pasi isiichome, hakikuonekana. Alipekua makapu, akainamia mvungu wa meza, mwisho akavua foronya ya mto wa mumewe akaitumia hiyo.

“Labda paka,” alisema fundi saa, huku akifunga viatu vyake kwa makini sana.

Basi wakaondoka, mke usukanini, mume ubavuni pake, suti imetundikwa nyuma. Gari lilikwenda kimya ajabu. Fundi saa alitabasamu peke yake. Walipokwisha kuipita sehemu moja yenye mashimo, Mama Pasi alikunja uso.

“Baba watoto, kuna kitu kinaungua.”

Fundi saa aliinama, akaweka sikio juu ya dashibodi. “Injini inapumua vizuri. Mshale wa joto uko katikati. Twende tu, tutachelewa.”

“Pafukapo moshi hapakosi moto. Na sufu hunywa harufu kama ardhi kavu inywavyo maji. Unataka kijana wa watu aoe akinuka jiko?”

Akasogea kando ya barabara, akazima injini. Amri yake ya kwanza ilihusu suti: mume aitoe, akasimame nayo kule upepo unakotoka, na asiishushe hata mkono ukifa ganzi. Mzee wa watu akasimama ameinua suti juu kama mlingoti. Mwendesha baiskeli mmoja akapunguza mwendo.

“Bwana harusi! Bibi harusi amekukimbia?”

“Hajanikimbia! Yule pale, ananusa magurudumu!”

Kweli alikuwa akiyanusa. Alisogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa, kama apimavyo joto la pasi. Yote yalikuwa baridi. Breki ya mkono ilikuwa chini. Alivuta pumzi taratibu, macho ameyafumba.

“Si mpira. Si mafuta. Nyaya zingenuka plastiki.” Akanusa tena. “Hii ni pamba. Pamba iliyowahi kutiwa wanga.”

Suti ilitikisika kule juu.

“Mke wangu,” fundi saa aliita kwa sauti ndogo, “boneti usiifungue kwa pupa.”

“Kwa nini?”

“Kuna... kitambaa.”

Aliinua boneti polepole. Juu ya bomba la moshi, lililokuwa moto kama pasi, kilifuka kitambaa chake mwenyewe. Alinyoosha hanga tupu ya waya iliyokuwa kiti cha nyuma, akakinasa, akakitupa mchangani na kukimwagia maji yao ya kunywa. Kisha akachungulia nyaya zote, akaondoa kila uzi uliosalia.

“Kumbe paka ndiye wewe!”

“Nilikikunja ukingoni, boneti isigonge. Nilikibana vizuri, naapa! Mashimo ndiyo yaliyokiangusha.”

“Nami nikavua foronya mbele ya macho yako, ukasema labda paka!”

“Nilisema labda.”

Alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Lakini kilikatika alipoifikia suti. Akanusa kola, akanusa kwapa, akanusa pindo la suruali.

“Alhamdulillahi,” alisema hatimaye. “Ni safi. Ingia. Na leo huo muziki utausikiliza wote.”

Wakaenda vioo vikiwa wazi, boneti ikigonga ko-ko, ko-ko-ko, fundi saa amefumba macho kama ang’olewaye jino. Walipofika, mama wa bwana harusi alikuwa langoni, machozi yakimlengalenga na huku akicheka. Aliipokea suti, akaizamishia uso.

“Inanukia pasi tu! Jamani, nilikuwa nimekwisha kata tamaa, saa ilikuwa imesonga mno. Mara nikasikia ko-ko-ko kutoka kule kwenye kona, nikamwambia mwanangu, kaoge, suti yako hiyo inakuja.”

Wakati wa kurudi, fundi saa alitoa bisibisi mfukoni, akaitazama boneti kwa hamu.

“Thubutu,” alisema mkewe, akawasha gari.