Fundi Niliyemsingizia Breki

Wiki hii nilikusudia kuwaandikia juu ya bei ya mbolea. Nimeshindwa. Juzi nimepigiwa simu kutoka Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, nikaambiwa kuwa fundi magari mmoja mzee, Mmatengo wa Mkumbi, amefariki na ameshazikwa. Aliyenipigia alidhani ananipa tu habari za mtu niliyemfahamu. Hakujua nina deni gani la moyoni.

Tulifahamiana Mbinga, miaka ile kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Yeye alikuwa amepunguzwa kazi katika karakana ya ushirika, akafungua yake nyuma ya soko. Mimi nilikuwa nikiinunulia kahawa kampuni moja ya kigeni, na pikapu niliyokabidhiwa ilianza kuvuta kushoto. Mafundi wawili walipima usukani na kubadilisha matairi, haikusaidia. Nikampelekea yeye. Kabla ya kushika spana alitaka tuizungushe kidogo mjini, na tuliporudi akasogeza kiganja kwenye magurudumu ya mbele. La kulia lilikuwa vuguvugu. La kushoto halikushikika. Alipolifungua, pedi za kushoto zilikuwa zimelika hadi kwenye chuma, za kulia bado nene. Akanieleza taratibu kwamba mpira unaopeleka oili ya breki upande wa kushoto umevimba kwa ndani: oili inaingia lakini hairudi, kwa hiyo breki inabana hata nikiachia pedali. Mpira mpya ulipatikana Songea, baada ya siku mbili. Nikamjibu kwamba sina siku mbili, aweke pedi mpya tu.

“Pedi mpya nazo zitaliwa, bosi,” alisema. “Kama lazima uitumie, zunguka huku huku juu. Usiteremke nayo ziwani.”

Kesho yake meneja wangu alitaka kupelekwa Mbamba Bay, kule chini ziwani, nami nikaona aibu kumwambia gari ni bovu. Katikati ya mteremko breki ilipata moto, oili ikachemka, pedali ikazama hadi chini. Niliigongesha pikapu kwenye ukingo wa barabara ili isimame. Mimi sikuumia, meneja alivunjika mguu. Akiwa kitandani hospitalini aliniuliza nani alishika zile breki.

“Fundi wa nyuma ya soko,” nikasema. “Aliniambia gari liko sawa.”

Maneno hayo yalisambaa. Kampuni zote zikamkimbia, na kabla msimu haujaisha alifunga karakana akahamia Ngumbo, kwa wakwe zake, kutengeneza injini za boti. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwandishi, nilikutana naye huko. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha ugali kwa samaki. Tulipomaliza kula aliniuliza jambo moja tu, kama mguu wa yule meneja ulipona. Nikasema ulipona. “Afadhali,” akasema, kisha akanisindikiza hadi kwenye gari. Alijua nilichosema hospitalini. Mbinga ni mji mdogo. Alinipa nafasi, nikapanda gari nikaondoka.

Miaka ile tuliamini kuwa mwenye haraka ndiye mwenye akili, na watu waliofundishwa kutafuta chanzo cha ubovu tuliwaona wa zamani. Lakini sitaki kujificha nyuma ya miaka. Soko huria halikunilazimisha kusema uongo. Niliogopa kupoteza kazi, nikapoteza ya mwenzangu. Kesho nakwenda Ngumbo kuwaambia wanawe kwamba baba yao alinikataza. Ndugu msomaji, kama kuna mtu uliyemsingizia na bado yu hai, mfuate leo. Mimi nitaomba radhi kwa watoto, na wao hawana uwezo wa kunisamehe kwa niaba yake.