Swali Ambalo LaVonne Hakuuliza

Wodi nzima ilikuwa imechoshwa na swali la mito, na aliyelileta ni LaVonne Stenerud. Nesi wa miaka mingi, bibi mwenye wajukuu, na bado akajitosa kusomea shahada ya udaktari wa uuguzi. Si ile ya kuandika kitabu kikakae kabatini. Hii inakutaka ubadilishe jambo moja kazini, kisha uonyeshe kwamba wagonjwa wamepata nafuu. Jambo la LaVonne lilikuwa moyo uliochoka. Mgonjwa yeyote mwenye dalili zake aulizwe: unalala na mito mingapi? Maana moyo ukishindwa kazi maji hujaa mapafuni, na mtu hawezi tena kulala chali.

"Daktari wetu huyo anakuja!" nesi mwenzake, Denise, alikuwa akimtania. "Ficheni mito jamani!"

LaVonne alicheka, lakini ole wake aliyesahau kuuliza. Alimsema mbele ya wenzake mpaka akome.

Basi Jumapili moja ya Februari, baada ya ibada, watu wakiwa ukumbini chini ya kanisa wanapakua chakula, mchungaji akamsifu LaVonne hadharani: mwezi ujao dada yetu anasimama mbele ya maprofesa wake! Makofi yakalia. Sifa tamu bwana, tusidanganyane. Bado kichwa kilikuwa kimemvimba pale Verlyn Haugen, mkulima mzee jirani yao, aliposogea na sahani yake.

"LaVonne, mwanangu, miguu yangu imevimba mpaka viatu vinanikataa."

"Punguza chumvi, mzee! Na hilo pande la nguruwe ulirudishe ulikolitoa!" Alilisema kwa sauti, ili na meza ya pili wacheke. Wakacheka. Verlyn naye akacheka, akabaki amesimama kidogo, kama mwenye neno jingine. LaVonne akageuka kumpa mkono mke wa mchungaji.

Alhamisi Verlyn akaletwa wodini, midomo imegeuka rangi, anahema kama aliyekimbizwa. LaVonne akamshughulikia upande mmoja wa kitanda, anamvalisha mpira wa oksijeni, Denise upande wa pili. Na Denise, kwa kuwa alifundishwa akafundishika, akauliza.

"Mzee, unalala na mito mingapi?"

"Mito ipi? Kitanda nimekihama tangu Krismasi," Verlyn akajibu kwa vipande vipande. "Nalala kitini."

"Na hukumwambia mtu?"

"Ebo, si alimwendea LaVonne Jumapili!" Mkewe Ardis akadakia. "Akaambiwa apunguze chumvi. Na kweli ameacha, hata supu yangu haonji."

Denise alimtupia LaVonne jicho mara moja tu, kisha akainama kushughulika na sindano yake, kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomkata maini mwenzake. Uso ukamwaka, masikio yakamwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Dawa ikamtoa Verlyn yale maji. Kesho yake mchana alikuwa anaweza kuzungumza, na LaVonne akamwendea. Njiani alikuwa ametunga visingizio vyake, kelele za ukumbini, watu wengi. Alipomwona, vyote vikamkauka mdomoni.

"Mzee, nilipaswa kukuuliza. Swali lenyewe ni langu, nawasumbua nalo wenzangu kila siku, na wewe sikukuuliza. Nilikuwa nafurahia makofi. Nisamehe."

"Mambo ya masomo yako mimi siyajui, mwanangu," Verlyn akasema. "Mimi nilikuja kwako kwa sababu ndiwe uliyemuuguza mama yangu. Ulikuwa unamsikiliza mpaka amalize, na yule mama alikuwa hamalizi!" Akacheka, akakohoa. "Ila Jumapili nilikuona una haraka, nikaona haya kukusumbua. Na sasa tazama, nimekuja kukuharibia kazi, na maprofesa wanakungoja. Niwie radhi."

Mzee wa watu nusura afe, na ndiye anayeomba radhi. LaVonne hakuwa na pa kuuweka uso wake.