Rota Niliyoitoa kwenye Pijo la Mjomba

Nakumbuka siku moja nilimdanganya mzee kwa jina la adabu, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka natamani kujizaba kofi. Usingoje nikusimulie kwa upole. Hasira nyingine hupoa na umri, lakini hii yangu imekataa.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwanzoni mwanzoni. Mimi nilikuwa fundi wa magari pale Gede, nina miaka thelathini, mke mmoja na maneno mengi. Mjomba wangu Katana, kaka yake mama, alikaa Kakuyuni na Pijo lake 403, gari ambalo hata wakati ule watoto walilikimbilia kulishangaa kwa ukongwe wake. Kila asubuhi aligonga boneti mara mbili, akalisalimu, "Umeamkaje, bibi?" ndipo akawasha. Wanawake wangapi walifika hospitali ya Malindi wakajifungua salama kwa sababu ya gari lile, Mungu ndiye ajuaye.

Basi macho yake yakaingia mtoto wa jicho. Asubuhi moja akatoka barabarani pale Gede, gari likapanda juu ya meza ya muuza nyanya. Mwenye meza alikuwa amekwenda kuteka maji. Angekuwapo, leo ningekuwa nakusimulia msiba. Mjomba akashuka, akazitazama nyanya zilizopondeka, akasema meza ile iliwekwa barabarani makusudi.

Jioni ile wanawe wawili wakanijia gereji. "Nani atamwambia baba kwamba macho yamekwisha?" wakauliza. Watu wazima watatu, wenye ndevu, hakuna hata mmoja aliyethubutu. Kwetu mkubwa haambiwi hivyo, tukasema. Tukaona tufanye jambo la heshima. Heshima! Neno hilo tumeligeuza shuka la kufunikia uoga wetu.

Jambo lenyewe nililifanya mimi. Nilikwenda Kakuyuni kama mtu anayekwenda kusalimia, nikafungua boneti, na ndani ya distribyuta, kile kigawa moto cha injini, nikatoa rota. Ni kipande kidogo tu, chaenea kiganjani, lakini bila hicho moto haufiki kwenye plagi na gari haliwaki hata ulibembeleze vipi. Mjomba alikuwa dereva hodari, lakini mambo ya ndani ya distribyuta aliniachia mimi, maana aliniamini.

Kesho yake akawasha, wapi. Akatia hendeli mbele, akazungusha mpaka shati likaloa jasho. Akaniita. Nikainama kwenye injini, nikajifanya kupapasa hapa na pale.

"Sioni ubovu, Mjomba."

"Basi ni mimi ninayekosea kuliwasha?"

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Hata kunyamaza kungekuwa nafuu. Lakini mimi mwerevu wa Gede nikajibu, "Huenda, Mjomba. Mkono nao husahau."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mwanafunzi aliyesahihishwa.

Wiki tatu alijaribu kila asubuhi. Salamu kwa gari ziliisha. Akaanza kumuuliza mkewe kama chumvi ameshatia au bado, kama mlango ameufunga au hakuufunga. Wanawe walinipongeza, wakasema mzee ametulia. Ametulia! Mtu anajizika mwenyewe mchana kweupe, nasi tunaita utulivu.

Wakati huohuo jirani yake Kadzo, mjane, alikuwa na kesi kwa chifu. Shemeji yake alitaka kusogeza mpaka wa shamba ili achukue mikorosho minane ya marehemu mumewe. Mpaka ule uliwekwa zamani, na katika wote walioshuhudia, aliyebaki hai alikuwa Mjomba Katana peke yake. Kadzo alimtegemea yeye tu.

Siku ya baraza nilimpeleka mwenyewe, nikasimama nyuma yake. Wazee wakamuuliza mpaka ulipita wapi. Mjomba akaitazama mikono yake.

"Wazee wenzangu," akasema, "gari nililoliendesha miaka ishirini nimesahau kuliwasha. Mtu kama huyo msimsikilize habari za mpaka."

Kadzo akasimama. "Mzee Katana, si uliniambia mwaka jana tu? Uliniambia kwa kinywa chako!"

"Sijiamini tena, mwanangu."

Na mimi nilikuwa pale, nimesimama, nina ulimi mzima. Neno moja lingetosha. Nikaogopa aibu mbele za watu, nikanyamaza, na mikorosho minane ikaenda kwa shemeji. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule kijana aliyesimama nyuma ya mjomba wangu.

Usiku sikulala. Asubuhi nilikwenda Kakuyuni, nikapiga magoti, nikamtia rota kiganjani na kumweleza yote. Aliigeuzageuza.

"Ungeniambia macho yangu mabovu," akasema, "ningekutukana, ningenuna siku mbili, kisha ningekupa ufunguo. Macho ni yangu, mpwangu, nayajua. Wewe uliniambia akili zangu mbovu. Nami nikakuamini, kwa kuwa wewe ndiye fundi."

Siku ileile tulirudi kwa chifu, mimi nikiendesha. Mjomba akautaja mpaka jiwe kwa jiwe, nami nikakiri uongo wangu. Wazee wakacheka. Mzee jana kasahau, leo kakumbuka? Kesi imefungwa, wakasema. Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Siku ile liliharibika mbele yao, wala hawakujali. Kadzo, bila mikorosho iliyomlisha, akarudi kwao Jilore na watoto wake, na sikupata tena uso wa kumtazama.

Sasa nisikilize, mwanangu. Juzi nimewasikia mkinong'ona juu ya mzee wa jirani, jinsi ya kuuficha ufunguo wake wa gari aone ameupoteza mwenyewe. Damu ilinichemka. Mzee asiyeona barabara asiendeshe, hilo sibishani nalo, maana anaweza kuua. Lakini mwambieni yeye, mchana, uso kwa uso, na shikamoo yake mkimpa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na heri nusu shari kuliko shari kamili. Msimwibie mtu imani ya akili yake ili ninyi mkwepe kufokewa robo saa.

Nami siku yangu ikifika, njoo uniambie. Nitafoka, najijua. Wewe kaa, ningoje nimalize, kisha urudie uliyosema. Mungu akupe kifua cha kusema kweli mbele ya wakubwa zako, akuzeeshe vyema, na uzeeni akujalie watoto watakaokuudhi kwa kweli, wala si wa kukutuliza kwa uongo.