Mwanamke Anayesubiri Weusi wa Sabuni

Saa moja asubuhi, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya karakana ya sabuni ya maji, mwanamke anachovya pete ya waya kikombeni, anaiinua mbele ya kitambaa cheusi, kisha anazuia pumzi.

Utando wa sabuni umetanda ndani ya pete. Rangi zinateremka polepole: kijani, nyekundu, dhahabu, halafu nyeupe. Mara sehemu ya juu inakuwa nyeusi tii, kama shimo.

Si shimo. Utando bado upo.

“Wageni wote hutia kidole,” anasema Mama Pete, kama wenzake wanavyomwita. “Ukipasuka, wanaruka kama wamegusa maiti!”

Mwanga hurudi kutoka uso wa mbele wa utando na uso wa nyuma. Miale hiyo ikikutana, rangi nyingine hupata nguvu, nyingine huuana. Utando ukikonda mno, zote huuana. Sabuni nzuri hufika hapo baada ya sekunde arobaini, hafifu huwahi.

Kwa miaka kumi na miwili, neno lake ndilo limepitisha pipa au kulimwaga.

Mwezi uliopita, weusi ulianza kuwahi. Alikataa mapipa matatu mfululizo. Mchanganyaji, ambaye ni wifi yake, akaonywa: la nne likikataliwa, aende nyumbani.

“Wifi, umenichoka mimi au sabuni yangu?” alimtania, macho yamemwiva kwa kulia.

Siku ya pipa la nne, Mama Pete aliinua pete kuelekea taa kabla ya kuichovya. Waya mtupu. Weusi ulikuwamo tayari. Akatazama ukuta: upo. Akafumba jicho la kulia: haupo.

“Nywele zilinisimama. Giza ni langu, nami namsingizia mtoto wa watu!”

Angeweza kunyamaza. Alikwenda kwa msimamizi, akasema yote. Wifi akabaki kazini.

Sasa wifi husimama nyuma yake. Kwa kuwa hata pumzi ya neno hupasua utando, humgusa bega tu weusi unapoingia.

“Nimnunie mpaka lini?” anacheka wifi. “Tunapika jiko moja.”

Alhamisi daktari ataanza kulitibu jicho, bila kuahidi kitu. Wakati huohuo, Mama Pete anamfundisha wifi yake kukalia kiti chake cha kupimia sabuni.

“Namwomba Mungu jambo dogo,” anasema. “Giza likija, lije kwenye sabuni tu.”