Misumari Mifupi

Nilipiga misumari ya mabati yetu kwenye mabonde. Naanza na hilo ili nimalizane nalo. Anayejua kuezeka ameshaanza kucheka, asiyejua nitamweleza. Bati lina migongo na mabonde, maji ya mvua hupita bondeni, kwa hiyo msumari hupigwa mgongoni. Mimi nilipiga bondeni, mstari baada ya mstari, huku nikipiga mluzi.

Ujinga ni wangu. Hasira nazigawa.

Fungu kubwa ni la baba. Alisikia kuwa huko Makambako ghala moja linavunjwa na mabati yake yanauzwa kwa bei ya kutupa, akarudi nayo juu ya lori la mbao. Miaka yote paa letu lilikuwa la nyasi, na nyasi zenyewe alikata mama na kuzibeba mama. Siku hiyo baba akatangaza kana kwamba ndiye aliyekuwa akiumwa shingo: "Nyasi basi! Tumepumzika!"

Mama aliuliza jambo moja tu. "Na fundi?"

"Fundi wa nini? Huyu yuko middle school, anachora mpaka pembetatu."

"Mbegu zangu ziko darini, baba watoto."

"Zitakuwa chini ya bati, mama. Bati!"

Fundi alikuwa jirani yetu, Mkinga aliyetoka Makete na kuoa hapa Njombe. Alitaja bei yake, baba akaondoka bila kuaga. Kisha akakataa kununua misumari ya bati, ile mirefu yenye kofia. Aliokota ya maboksi ya mbao, mifupi, iliyopinda kama mkia wa nguruwe, nikashinda Jumamosi nzima nikiinyoosha juu ya jiwe. Nilipoijaribu mgongoni haikufika kwenye mti. Nikaijaribu bondeni, ikauma. Nikapiga kelele, "Baba, nimepata dawa!"

"Ndiyo faida ya kusoma," akajibu, amejaa furaha.

Tena yale mabati yalikuwa na matundu ya zamani, yote migongoni. Yote! Niliyaziba kwa lami niliyoomba kwa watengeneza barabara, moja moja, kwa uangalifu mkubwa, halafu nikatoboa mapya mahali maji yanapopita. Sikujiuliza hata kidogo.

Fundi akapita njiani, akanisalimu. "Kamwene."

"Kamwene, fundi!" nikamjibu kutoka juu. "Karibu ujifunze, ni bure!"

Akatazama paa muda mrefu. "Nani amekufundisha?"

"Kichwa changu."

"Kitunze," akasema, akaenda zake mabega yakimtikisika. Alijua! Aliona kila kitu akanyamaza, na fungu lake la hasira bado ninalo.

Wiki iliyofuata mama aliitwa Lupembe, dada yake alikuwa mgonjwa. Alipokuwa akifunga mzigo alituambia sote wawili, polepole kama anayesema na viziwi: "Mvua ikinyesha, pandeni mtazame dari. Hayo ndiyo mashamba yangu ya mwaka huu."

Mvua ilinyesha siku ya pili. Mwanzoni baba alicheka kwa ule mshindo wa bati, akawa ananipigia kelele nisikilize utajiri. Kisha tone likaangukia ugali wake. Jingine likaangukia sikio lake. Baada ya hapo yakaja kwa mistari iliyonyooka kabisa, maana mimi nilipiga kwa rula. Baba aliokoa kitanda chake na koti la kanisani. Mimi niliokoa madaftari. Tulipanga vyungu, tukagombana kwa siku nne nani amwage maji. Dari tulilisahau. Hapo ndipo ninapojichukia hasa: mdomo wangu haukosi la kusema, lakini shingo ilishindwa kuinuka hata mara moja.

Mama aliporudi hakukaa. Alipanda darini na begi bado mgongoni, akashuka na kapu la mbegu. Mahindi yalikuwa yamevimba na kutoa vijimizizi vyeupe. Kunde zilinuka. Majirani walikuwa wameshaanza kulima.

"Mwanao huyu na akili zake za shule," baba akasema.

"Misumari ilikuwa ya nani?" nikapaza sauti. "Nani alikataa ya kofia? Nani alimkimbia fundi?"

"Unanijibu mimi?"

"Nakujibu wewe!"

Mkono wake ulishainuka. Mama akaweka kapu chini katikati yetu, mkono ukabaki hewani. Hakupaza sauti. Alisema hivi:

"Zilizoota tutakula. Za kupanda mtakwenda kuomba nyinyi wawili kwa mke wa fundi, kesho asubuhi, watu wakiwa njiani. Baba yako ndiye atakayesema. Wewe utabeba kapu, na mdomo wako utauacha hapa nyumbani."